Kioo cha Kupitisha Jua

Gendabi, Hanang
3 Julai 2022

Kwa mdogo wangu Philomena,

Kaka yako Margwe ni mzima, sijafa, na wanaosubiri waendelee kusubiri. Wewe hujambo huko kwenye baridi yenu ya Tlawi? Viazi vimekubali? Hapa mvua ilitukimbia mapema. Mimi nimevuna magunia saba ya mahindi, wenzangu wamepata mawili mawili na wanasema mwaka ni mbaya. Ni mbaya kwa wavivu. Ng'ombe wote wapo. Lile dume langu jeusi limelipiga pembe dume la jirani mpaka utumbo ukaonekana, nilicheka siku nzima. Mwanangu Maximilian bado yuko machimboni, hajaleta neno. Mke wake Lucia yupo, anapika, anachota maji.

Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Darasa la nne nililosoma mimi ni sawa na fomu foo ya siku hizi. Simu sina tena. Nilimrushia mbwa wa Hhando, huyu jirani yangu, alipokuja kula mayai. Nilimpata kichwani kwa hatua thelathini. Mbwa akafa na simu ikafa. Kwa hiyo barua nampa Seifu, yule mfanyabiashara wa Katesh anayenunua mbuzi huku kisha anapandisha lori Mbulu kufuata viazi. Na wewe mpe huyo huyo.

Sasa neno lenyewe. Mjukuu wangu Judica aliondoka hapa mwezi wa nne. Lucia alisema ni wiki mbili tu, kwamba nesi ameona miguu ya mtoto inapinda kwa ajili ya maji yetu, basi aende kwa bibi yake Tlawi akanywe maji ya mlimani. Hizo wiki mbili za huko kwenu zina siku ngapi? Maji haya mimi nimeyanywa miaka sabini na moja. Meno yangu ni ya kahawia, ndiyo, lakini yanavunja mfupa wa ng'ombe. Mtoto wa boma langu hakai kwa watu kama mbuzi wa kuazima.

Mrudishe kabla mwezi haujaisha. Usipomrudisha nitakuja na fimbo yangu. Unaijua. Marehemu mumeo pia aliijua.

Ni mimi,
Margwe

*

Tlawi, Mbulu
19 Julai 2022

Kaka Margwe, shikamoo.

Tumsifu Yesu Kristo. Nashukuru Mungu umeamka salama siku uliyoshika kalamu. Sisi hatujambo. Viazi vimekubali ila vimeingiwa na ugonjwa upande wa bondeni. Mwanangu Theodory amemaliza kuezeka nyumba, vimebaki vipande vya bati na vioo vya madirisha vimeegemezwa ukutani. Judica hajambo. Anakula, anacheka, na ameota jino jipya la mbele, jeupe. Anakusalimia.

Kaka, nimefanya kazi zahanati miaka ishirini na sita, kwa hiyo nisikilize. Maji ya kisima chenu yana madini yanayoingia kwenye mifupa ya mtoto anayekua. Ukiyachemsha hayatoki, yanazidi kuwa makali. Magoti ya Judica sasa yameachana kwa upana wa ngumi yangu. Daktari amesema akipata maji safi mapema yanaweza kunyooka. Akichelewa, ni hivyo hivyo mpaka kaburini.

Lakini iko njia. Tulifundishwa kwenye semina ya akina mama parokiani. Unatengeneza sanduku la mbao, fupi, pana kama meza. Ndani unatandika bati na kulipaka rangi nyeusi. Unamimina maji ya kisima, kina cha vidole viwili. Juu unafunika na kioo, kilale kwa mteremko, na pembeni pote unaziba kwa udongo hewa isitoke. Jua likipiga, maji yanapanda kama mvuke, yanashika kwenye kioo, yanateremka tone kwa tone hadi kwenye mfereji wa bati na kuingia kwenye ndoo. Chumvi na yale madini yanabaki chini. Jua huko kwenu mnalo la kutosha.

Mtoto akiwa na maji ya namna hiyo hapo nyumbani, tutazungumza habari ya kurudi.

Na fimbo iache ukutani, kaka. Nakuomba.

Mdogo wako,
Philomena

*

Gendabi
14 Agosti 2022

Philomena,

Marahaba. Nimepata barua yako, nimeelewa yote kwa kusoma mara moja. Hapa wote wazima isipokuwa Lucia, aliteleza kisimani akaangukia jiwe, jino la mbele limetoka na mdomo umevimba. Wanawake wa siku hizi hawajui kutembea.

Sanduku tayari. Nimelitengeneza siku mbili, wewe na semina yako mngetumia mwezi. Mbao za mkangazi, siyo mabanzi. Rangi nyeusi nimepaka mara tatu. Na kioo! Philomena, ungekiona. Nilikwenda Katesh nikakuta kinyozi anafunga saluni yake, ana kioo kirefu kama mlango. Nimekipata kwa mbuzi mmoja. Kizito, kinang'aa, nikikisogelea najiona mpaka kovu la shingoni nililopata mwaka wa njaa. Hakuna mtu Gendabi nzima mwenye kioo kama hicho. Nimekilaza juu ya sanduku kwa mteremko kama ulivyosema.

Maji bado hayajaanza kuteremka. Siku tisa. Naona jua la mwezi huu ni dhaifu.

Lakini sikiliza kilichotokea. Unajua barabara inapita juu ya boma langu. Saa kumi jioni Hhando anatoka kisimani na mkokoteni wake, maksai wawili, mapipa manne ya maji. Kioo changu kikakamata jua, kikalitupa juu, kikawapiga maksai machoni. Wakapiga kelele kama wameona simba! Wakatoka barabarani, mkokoteni ukapinduka, pipa moja likapita juu ya mguu wa Hhando, mengine yakashuka mteremko yakamwaga maji yote. Nilisikia mfupa ukivunjika kutoka pale nilipokaa.

Mimi nilikwenda kumsaidia. Andika hilo. Nilikwenda kumsaidia.

Akaniambia, "Mzee, unanimulika kwa makusudi. Kwanza mbwa wangu, sasa ng'ombe."

Nikamwambia, "Ningetaka kukumulika ningekumulika wewe, ng'ombe wana kosa gani?"

Akanyanyuka kwa mguu mmoja na fimbo yake ya kuswagia, akanichapa shavuni. Shavu la mtu wa umri wangu! Nikamwambia, "Hhando, rudia." Akarudia. Hapo basi. Nilimpiga mkono wa kulia, mkono ukalia kama kuni kavu. Nikampiga bega. Akaanguka kwenye tope la maji yake mwenyewe, nikamkanyaga kifua nikamuuliza, "Nani mzee?" Hakujibu kwa sababu mdomo ulikuwa na tope. Watu wanne walinishika, wanne, na nilimwangusha mmoja wao.

Amefungwa plasta mkono na mguu. Anajua sasa.

Mlete mtoto. Maji yatateremka wiki hii.

Margwe, ambaye bado ana nguvu

*

Tlawi
2 Septemba 2022

Kaka, shikamoo.

Tumsifu Yesu Kristo. Huku baridi imepungua, tunapalilia vitunguu. Judica amejifunza kuhesabu mpaka hamsini, ila arobaini huiruka.

Kaka, barua yako niliisoma nikacheka mpaka nikakaa chini, na kabla sijainuka nilikuwa nalia. Unajionaje kwenye kile kioo? Kioo kinachokuonyesha sura yako kina dawa nyuma, hakipitishi jua, kinalirudisha. Ndiyo maana maji hayapandi. Ndiyo maana maksai wa watu wamepofuka barabarani. Nilisema kioo, kioo cha dirisha, cha kupitisha jua. Umevunja mtu mkono kwa sababu ya kioo cha saluni.

Nimempa Seifu vioo viwili vilivyobaki kwa Theodory. Amevifunga kwa blanketi kuukuu kati ya magunia ya viazi. Usivikanyage, usivitupe, usimrushie mtu. Kitoe kile cha kinyozi kabla hakijaleta kifo. Na uende kwa Hhando ukiwa na wazee wawili, ukamwombe radhi. Wewe ndiye uliyemwaga maji yake wakati wa kiangazi.

Jambo jingine. Unasema Lucia aliteleza kisimani. Seifu anasema kisima chenu kimeshuka tangu mwezi wa sita, wanachota kwa kamba ndefu, na pale juu ni vumbi tupu. Mtu anateleza kwenye vumbi?

Seifu anasema pia kwamba Lucia ndiye wa kwanza kukuambia, "Baba, ni kioo cha dirisha."

Sijauliza chochote, kaka. Nimeandika tu nilichoambiwa.

Philomena

*

Gendabi
25 Septemba 2022

Philomena,

Marahaba. Ng'ombe wamekonda lakini wamesimama. Mbuzi wawili wamezaa.

Kwanza, neno ni lako. Uliandika kioo. Mimi nilinunua kioo. Kama ulitaka kingine ungeandika kingine. Mtu akiniambia lete ng'ombe silaumiwi kwa kuleta dume.

Pili, sikwenda kwa Hhando. Ndugu zake ndio walikuja kwangu. Jumapili, natoka misa, wamesimama njiani watatu na marungu. Mkubwa wao akasema, "Baba Maximilian, tumekuja kuomba maji." Nikajua. Nikamwambia, "Maji ninayo ya kuosha maiti." Wa kwanza nilimpata pajini akakaa. Wa pili nilimng'ata kidole, nilisikia kucha ikija mdomoni, nikaitema mbele yake aione. Wa tatu ndiye aliyenipata nyuma. Mbavu mbili. Nilipoanguka walinipiga mpaka wakachoka, nikahesabu mapigo kumi na saba, kisha nikaacha kuhesabu kwa sababu hayakuwa na maana. Halafu wakaingia bomani wakakivunja kile kioo kirefu kwa mawe. Vipande vimejaa kwenye majivu na kwenye malisho, kuku mmoja amemeza akafa akitoa damu. Dume langu jeusi limekatwa ukwato na bado linachechemea.

Sikulia. Waulize.

Vioo vyako vilifika vizima. Nilikuwa nimelala, siwezi kukaa wala kugeuka, lakini nilitoa maelekezo kutoka ndani. Vimefungwa, pembeni pamezibwa kwa udongo, mfereji umewekwa. Lucia alikuwa anashika shika vitu.

Na siku ya kwanza, saa nne asubuhi, kioo kikajaa jasho. Saa sita matone yakaanza kushuka, moja, moja, kama ng'ombe anayekamuliwa na mtu mvivu. Niliomba nibebwe nje nione. Ndoo iliwekwa chini ya mfereji, nikaonja kwa kidole. Philomena, hayana ladha yoyote! Hayana chumvi, hayana udongo, ni kama kunywa hewa. Na kule chini kwenye bati jeusi imebaki chumvi nyeupe kama unga. Nilikaa naitazama ile chumvi mpaka jua likazama. Ile ndiyo ilikuwa inaingia kwenye magoti yake.

Mtu mwingine angepata lita tatu kwa siku. Mimi napata nne.

Kwa hiyo umeshindwa. Uliomba maji, maji yapo. Mbavu zikishika nitakuja Tlawi mwenyewe, kabla ya mwisho wa Oktoba, na nitamchukua mjukuu wangu mlangoni kwako. Theodory akisimama mbele yangu nitampiga mbele ya mama yake. Habari ya jino achana nayo, ni mambo ya boma langu.

Margwe

*

Tlawi
10 Oktoba 2022

Kaka, shikamoo.

Pole na mbavu. Usinyanyue kitu kizito wiki sita, na ukikohoa damu nenda hospitali, usibishe.

Nimefurahi kwa yale maji. Nasema kweli, nilipofika pale pa chumvi nyeupe niliacha kusoma nikamshukuru Mungu. Umefanya nilichokuambia, na sasa sina pa kujificha.

Nilikuambia ni maji, na ni kweli ni maji. Miguu yake umeiona mwenyewe. Lakini nilikuambia maji kwa sababu ndiyo habari pekee ungeweza kuisikia bila kushika fimbo.

Lucia alimleta Judica hapa mwezi wa nne akiwa amejitanda khanga mpaka puani. Alipoitoa nilimwosha vidonda kwa maji ya chumvi kama nilivyowaosha wengi zahanati. Hakutaja jina la mtu. Alisema aliteleza. Wote mnateleza huko kwenu.

Wiki ya kwanza Theodory aliangusha mpini wa jembe sebuleni. Mtoto akatoweka. Tulimtafuta shambani, chooni, kwa jirani. Alikuwa chini ya kitanda changu, amebana kabisa ukutani. Nilipoinama akaniuliza kwa sauti ndogo, "Bibi, leo ni zamu ya nani?"

Nikamwambia, huku hakuna zamu. Akaniuliza, "Hata zamu yako, bibi?"

Ana miaka sita, kaka.

Na mimi nina neno langu. Watu wanajua sikio langu la kushoto halisikii kwa sababu ya homa ya utotoni. Mama aliwaambia hivyo, mimi nikarudia, mume wangu alikufa anaamini hivyo. Wewe unajua haikuwa homa. Ulikuwa na miaka kumi na tisa, mimi kumi na miwili, na ndama alikuwa amepotea. Miaka hamsini na mbili sijakuandikia wala kukutamkia neno hilo. Leo nimekuandikia.

Usije Tlawi. Ukija hutanikuta na mtoto, na sitakuambia tulikokwenda. Maji yako ni safi. Ila siwezi kumpeleka mtoto akanywe maji safi huku anasubiri zamu yake.

Naomba Mungu akulinde.

Philomena

*

Nangwa
21 Novemba 2022

Philomena,

Mimi mzima. Mvua imenyesha mara mbili.

Barua yako niliisoma mara tatu, kisha nikapandwa na hasira. Nilichukua shoka nikatoka nje nikalivunje lile sanduku. Nilisema, kama mtoto haji, haya maji ni ya nani? Lucia alikuwa amesimama pale, anafuta vumbi kwenye kioo. Akaniona nakuja. Hakukimbia na hakupiga kelele. Aliiweka ndoo chini polepole maji yasimwagike, kisha akajiziba mdomo kwa viganja viwili.

Mdomo tu. Kichwa alikiacha wazi.

Nimepiga watu wengi, unajua. Kila mtu hunyanyua mkono kukinga kichwa. Huyu alikuwa anakinga meno yaliyobaki.

Sikumpiga. Usinisifu, mkono ulikuwa umeshaondoka, niliupindisha tu. Shoka liliingia kwenye nguzo ya zizi mpaka kwenye mpini, na limo hadi leo, hakuna aliyeweza kulitoa.

Mimi ndiye niliyemtoa jino. Alisema kioo cha dirisha, na alisema kweli. Sanduku pia ni yeye aliyelifunga, mimi nilikuwa nimelala napiga kelele tu. Sikio lako ni mimi. Ndama alirudi mwenyewe jioni ile.

Kwa Hhando nilikwenda na wazee wawili. Nimempa lile dume jeusi. Halijapona ukwato lakini ni dume. Hakunipa mkono, alisema ule wa kunipa bado haujanyooka. Nikamwambia amekosea kunichapa shavuni, na hilo sitalifuta.

Boma nimemwachia Lucia na ng'ombe wote. Nimesema mbele ya balozi wa nyumba kumi na majirani kwamba sivuki kizingiti kile mpaka Lucia mwenyewe aniite, na asiponiita, basi. Maximilian akirudi atakuta hivyo. Mimi nimehamia huku Nangwa kwenye lile shamba la alizeti, kuna kibanda, nimeezeka upande mmoja. Nina jembe, blanketi na sufuria. Fimbo sikuja nayo.

Seifu atapita kwako Jumanne ya tarehe ishirini na tisa. Mpandishe Judica kiti cha mbele, upande wa dirisha, usimweke nyuma na mbuzi. Mama yake anamngoja. Maji yapo, na Lucia ameanza sanduku la pili, amenunua kioo mwenyewe na hakumuuliza mtu.

Seifu ananiambia na mimi nijitengenezee sanduku hapa, maana kisima cha huku ni kibaya kuliko cha Gendabi, ukinywa ulimi unakauka. Nimemwambia aache kunifundisha. Vioo ni vya watoto. Miguu yangu mimi ilishamaliza kukua.

Margwe